Mwongozo wa gpg uliozeeka kimyakimya

Ni kitambo sijaandika hapa, na sababu ni kwamba wiki tatu hizi nimeshikwa na kazi ambayo waprogramu wengi huikimbia: kuandika upya mwongozo wa mtumiaji. Programu yenyewe sikuigusa hata mstari mmoja. Ni mwongozo tu, kurasa kumi na nne.

Programu inayohusika ni GnuPG, ambayo wengi tunaiita gpg kwa sababu hiyo ndiyo amri yake. Kazi yake ni kufunga faili au barua pepe ili asomaye awe ni yule tu mwenye ufunguo. Ni programu huria. Werner Koch alianza kuiandika Ujerumani mwaka 1997, na toleo la 1.0.0 likatoka Septemba 1999. Inafuata nyayo za PGP, aliyoitoa Phil Zimmermann kule Marekani mwaka 1991. Haina madirisha wala vitufe vya kubofya. Unafungua terminali, unaandika amri, unabonyeza Enter, basi. Mtu asiyeizoea anaiona kama kisanduku cheusi kinachomkasirikia.

Wanaoutumia mwongozo huu ni kikundi kidogo cha msaada wa sheria ambacho huwa nakisaidia mambo ya kompyuta. Wanaandika malalamiko ya ardhi: nani alifukuzwa shambani, nani alishuhudia, nani alitia kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Majina ya mashahidi yamo humo. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, lakini hawa watu hawahitaji kutishwa na sheria. Wanajua wenyewe kwamba laptopu ikiibwa kwenye matatu, kuna familia itakayolala na hofu. Kwa hiyo wanafunga faili zao. Mwongozo wao uliandikwa mwaka 2008 na mtu aliyenitangulia, kwa Kiswahili kizuri kabisa, na kwa miaka mingi ulifanya kazi.

Shida ya mwongozo ni kwamba haunuki ukioza. Maziwa yakiharibika utajua kabla hujayatia kwenye chai. Mwongozo ulioharibika una sura ileile, maneno yaleyale, na picha zilezile zilizopangwa vizuri.

Faili ambayo haipo tena

Jambo lililoniamsha ni hili. Karani wa kikundi, mama mmoja makini sana, alikuwa anataka kurudisha laptopu ili ifutwe na kuwekewa mfumo mpya. Kabla ya kuikabidhi alifungua mwongozo, ukurasa wa kumi na moja, panaposema: nakili faili ya secring.gpg kwenye flashi, hapo ndipo funguo zako za siri zinapokaa. Akaitafuta. Kompyuta ikamjibu hakuna faili kama hiyo. Kwenye folda ileile akaona nyingine iitwayo pubring.kbx, ina jina linalofanana, akainakili hiyo. Kisha, kwa bahati njema ya kikundi kizima, akanipigia simu kuuliza kama ni sawa.

Haikuwa sawa. Mwongozo ulikuwa umesema kweli mwaka 2008. Lakini GnuPG 2.1, iliyotoka Novemba 2014, iliacha kuweka funguo za siri kwenye secring.gpg. Sasa zinakaa kwenye folda inayoitwa private-keys-v1.d, zikisimamiwa na programu msaidizi iitwayo gpg-agent. Ile pubring.kbx aliyoinakili mama karani ina funguo za umma peke yake. Laptopu ingefutwa, angebaki na flashi yenye vitu ambavyo kila mtu anaruhusiwa kuwa navyo, na faili za miaka minne zisingefunguka tena. Hakuna wa kumpigia. Hakuna kitufe cha "nimesahau". Programu ya aina hii ikiwa imeandikwa vizuri, hata aliyeiandika hawezi kukusaidia.

Kuna hali mbaya zaidi ya hiyo. Kompyuta ya zamani ikipandishwa kutoka toleo la kale, secring.gpg inabaki palepale kwenye folda, ila haiguswi tena. Ufunguo utakaoutengeneza baadaye hautaingia humo. Mwenye kufuata mwongozo ataiona faili, ataikopi, atalala usingizi mzuri. Siku ya kuhitaji ndipo atagundua.

Kwa hiyo badiliko la kwanza nililofanya ni kufuta majina yote ya faili za ndani. Usimwambie mtumiaji faili iko wapi. Mpe amri ya kuitoa. Majina ya ndani ni mali ya waandishi wa programu, nao huyabadilisha watakavyo, lakini amri hudumu. Sasa ukurasa wa kumi na moja unasema hivi:

gpg --armor --output nakala.asc --export-secret-keys

Na chini yake nimeongeza hatua ambayo haikuwepo kabisa, yaani kujaribu kama nakala inafanya kazi kabla ya kufuta chochote. Unatengeneza folda tupu, unaiambia gpg ijifanye hiyo ndiyo nyumba yake, unaingiza nakala humo, halafu unajaribu kufungua faili moja ya zamani:

mkdir -m 700 jaribio
gpg --homedir ./jaribio --import nakala.asc
gpg --homedir ./jaribio --decrypt shauri.odt.gpg > jaribio.odt

Ikifunguka, una nakala. Isipofunguka, una flashi tu. (Na ukimaliza, futa ile folda ya jaribio pamoja na jaribio.odt. Nimeliandika hilo kwa herufi nene.)

Mengine yaliyopitwa na wakati

Nilipoanza kupekua nikaona si ukurasa mmoja tu. Nawapa machache, maana huenda nanyi mna miongozo ya umri huo.

1. Mwongozo ulimtaka mtu achague "DSA na Elgamal" kwenye orodha, kisha aandike idadi ya biti. Orodha hiyo imebadilika mara kadhaa. Tangu GnuPG 2.3 ya mwaka 2021 chaguo la kawaida ni funguo za mikunjo duaradufu, ambazo ni fupi na zina nguvu. Nilikuwa na kurasa tatu za kueleza hisabati hizo. Nimezifuta zote. Sasa kuna amri moja:

gpg --quick-generate-key "Jina Kamili <anwani@example.org>" default default 2y

Neno "default" linamaanisha wachague wanaojua. Wakibadilisha mawazo mwaka ujao, mwongozo wangu hautahitaji kuguswa.

2. Mwongozo ulitambulisha ufunguo kwa tarakimu nane za mwisho. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba kwa kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, ufunguo wa bandia wenye tarakimu nane zilezile hutengenezwa kwa sekunde chache. Ni kama kumtambua mtu kwa rangi ya shati. Sasa tunatumia alama ya kidole nzima, tarakimu arobaini.

3. Mwongozo ulisema pandisha ufunguo wako kwenye seva za SKS. Mwaka 2019 wahuni walibandika maelfu ya saini za uongo kwenye funguo za watu wanaojulikana, hadi gpg ikawa inakwama ukizipakua. Mwaka 2021 kundi lile la seva likafungwa. Siku hizi kuna keys.openpgp.org, ambayo haitangazi anwani yako mpaka uthibitishe kwa barua pepe kwamba ni yako. Lakini kwa kikundi cha watu saba wanaoonana kila Jumatatu, flashi inatosha.

4. Mwongozo ulimfundisha mtu kutengeneza cheti cha kubatilisha ufunguo kwa mkono. Tangu 2.1 kinatengenezwa chenyewe pamoja na ufunguo. Na wameweka nukta mbili mbele ya mstari wa kwanza ili usije ukakitumia kwa bahati mbaya ukajibatilisha mwenyewe. Nilipenda hilo. Ni mtu aliyefikiria mtumiaji mwenye haraka.

Tuite nini?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Kupata neno la Kiswahili si kazi; kazi ni kupata neno ambalo halitampotosha mtu.

Chukua "ufunguo wa umma". Ndivyo tunavyotafsiri sote, na ndivyo programu inavyosema kwa Kiingereza. Lakini hebu fikiria kama mtu asiyejua. Ufunguo unafungua. Ukimwambia mzee kwamba ampe kila mtu ufunguo wake, atakuuliza kama una akili timamu. Kitu kile kinafanana zaidi na kufuli. Nakutengenezea makufuli mengi, yote yako wazi, nawagawia watu. Yeyote akitaka kuniletea siri anaifungia kwenye sanduku kwa kufuli langu, anabana, paa. Hata yeye aliyefunga hawezi kulifungua tena. Mwenye ufunguo ni mimi peke yangu.

Nilitaka kuandika "kufuli" mwongozo mzima. Tatizo ni kwamba skrini ya mtumiaji inasema "public key", na mtu akiona neno la skrini halilingani na la karatasi anaogopa. Nikaamua hivi: maelezo ya mwanzo yanatumia kufuli, kisha kuna sentensi moja inayosema kwamba kompyuta hili kufuli inaliita public key, na kuanzia hapo tunaliita ufunguo wa umma. Watu wamekubali.

Mfano wa kufuli ulinisaidia pia kueleza jambo ambalo huwaliza wengi. Ukifunga faili kwa ufunguo wa mwenzako peke yake, wewe mwenyewe huwezi kuisoma tena. Ukisema "umebana kwa kufuli lake", mtu anaelewa mara moja kwa nini lazima ajiongeze na yeye kwenye amri.

Neno la pili ni saini. Kwetu Kenya tunasema pia "weka sahihi". Sasa gpg ikikagua saini na kuiona nzuri, nitaandikaje? "Sahihi ni sahihi"? Na ikiwa mbaya: "sahihi si sahihi"? Nilicheka peke yangu saa sita usiku. Tumebaki na saini.

Neno la tatu ni maneno ya siri. Mwongozo wa zamani ulisema "neno la siri", na watu wakaweka neno, moja, mara nyingi jina la mtoto. Nimeandika "maneno ya siri", kwa wingi, kila mahali. Badiliko dogo la sarufi, lakini sasa watu wanauliza, "Mangapi?" Hilo ndilo swali nililokuwa nalitaka. Nawaambia sita, yasiyohusiana, wala yasiyotoka kwenye wimbo au methali.

Kuhusu "usimbaji fiche" na "kusimbua": ni maneno mazuri na yana nafasi yake kwenye vitabu. Mwongozoni nimeandika kufunga na kufungua.

Kukaa kando na kunyamaza

Mwaka 1999 Alma Whitten na J. D. Tygar walichapisha utafiti maarufu kuhusu PGP 5.0, ile yenye madirisha na picha. Waliwapa watu 12 dakika 90 wafunge na kutia saini barua pepe. Ni theluthi moja tu waliofanikiwa, na watatu walituma siri yenyewe bila kuifunga. Hawakuwa wajinga. Programu haikuwa imeandikwa kwa ajili yao.

Basi nami nikafanya utafiti wangu wa kienyeji. Nilichapa rasimu, nikawaita watu watatu mmoja mmoja, nikakaa pembeni na daftari, mdomo nikaufunga. Hakuna zoezi gumu kwa mprogramu kama kumwona mtu akielekea shimoni na usiseme neno.

Wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa sheria aliye kwenye mafunzo, jina lake Juma. Kwenye rasimu hiyo nilikuwa bado natumia njia ndefu yenye maswali. Programu ikamwuliza jina, akaandika Juma. Ikakataa: jina lazima liwe na herufi zisizopungua tano. Kijana akanitazama. Hebu hesabu: Juma, Asha, Rosa, Musa, Zuri. Nusu ya ukoo wangu hauingii. Ndiyo maana mwongozo sasa unasema "Jina Kamili", na mfano una majina mawili.

Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu anayewasaidia kutafsiri. Alifika mahali gpg inapouliza unamwamini mwenzako kiasi gani: kabisa, kidogo, au simwamini. Akaweka kalamu chini.

"Kijana wangu, hii mashine inataka nimseme mwenzangu?"

"Si kumsema, Mwalimu. Inauliza kama anajua kukagua funguo za wengine."

"Basi ingeuliza hivyo. Mimi siwezi kuandika kwamba namwamini mtu kidogo. Akija kuona?"

Hawezi kuona. Jibu lile linabaki kwenye kompyuta yako. Lakini Mwalimu alikuwa na haki: swali limeandikwa vibaya, na mtu mwenye adabu atajibu "kabisa" kwa kila mtu ili asimkosee, ambalo ndilo jibu la hatari. Nimeondoa sehemu hiyo yote. Badala yake mtu anakagua alama ya kidole na mwenzake, ana kwa ana au kwa simu, kisha anatumia `gpg --quick-lsign-key` na zile tarakimu arobaini. Saini hiyo ni ya kwake tu, haiendi popote, na hakuna anayeulizwa amwonaje mwenziwe.

Wa tatu alikuwa mama karani mwenyewe. Yeye na Mwalimu walisomeana alama ya kidole kwa simu, mmoja ofisini, mwingine nyumbani. Tarakimu hizo ni 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Mwalimu akasoma A kwa Kiingereza, "ei". Mama akaandika E. Mwalimu akasoma E kwa Kiingereza, mama akatafuta I, na I haimo. Wakarudia mara tatu, wakakaribia kuamini kwamba wameingiliwa na maadui. Sasa kuna jedwali dogo ukurasa wa sita, nalo ndilo sehemu ninayojivunia kuliko zote:

A ya asali, B ya baba, C ya chai, D ya dada, E ya embe, F ya fisi.

Mama huyohuyo alinifundisha jingine. Alifunga faili kwa `gpg -c`, njia ya maneno ya siri bila funguo, kisha akaifungua ili kujaribu. Ikafunguka bila kumwuliza kitu. "Haijafunga hii," akasema, na angeiacha programu siku hiyohiyo. Kumbe ilifunga. Ni gpg-agent iliyoyakumbuka maneno yake. Kwa kawaida huyashika kwa dakika kumi. Mwongozo sasa unamwambia mtu aandike kwanza `gpgconf --reload gpg-agent`, aisahaulishe, ndipo ajaribu.

Nilivyoacha mambo

Mwongozo sasa una kurasa tisa. Juu kabisa pameandikwa tarehe, toleo la gpg niliyoitumia kujaribu kila amri, na sentensi hii: kama skrini yako inaonyesha kitu tofauti na karatasi, simama, usibahatishe, uliza. Nyuma kuna mambo matatu ambayo programu haitakuambia. La kwanza, ukifunga faili, ile ya asili bado ipo wazi palepale. Na hata ukiifuta, kwenye flashi hakuna uhakika kwamba imefutika. La pili, jina la faili halifungwi. Ukiita faili yako "ushahidi-wa-fulani.odt.gpg" umeshasema nusu ya siri. La tatu, ufunguo ukiisha muda wake haupotei: faili za zamani zinafunguka kama kawaida, ila watu hawawezi kukufungia mpya mpaka uuongezee muda. Uongeze kabla haujaisha, na usisahau zile funguo ndogo zilizo chini yake, maana zina tarehe zao.

Nimeweka pia kwenye kalenda siku mbili kwa mwaka, Januari na Julai, za kupitia amri zote kwenye kompyuta mpya kabisa. Ni kazi ya saa mbili. Amri isiyofanya kazi inaondoka siku hiyohiyo.

Sisi tunaoandika programu tunapenda kusema kwamba msimbo ndio kazi na maelezo ni mapambo. Lakini mama karani hajawahi kuona msimbo wa GnuPG, na hatauona. Kwake yeye, karatasi ndiyo programu. Hisabati ilikuwa imara miaka yote hiyo. Kilichokaribia kuzipoteza faili za watu ni sentensi moja iliyokuwa kweli zamani.

Basi kama una mwongozo wako wowote uliowaandikia watu, wa gpg au wa kitu kingine, ufungue leo uangalie tarehe. Kisha mtafute mtu mmoja asiyejua, kaa kando yake, na unyamaze.

Haya, tuonane tena panapo majaliwa.